Tuliwaita Vijana, Tukawapa Viti vya Nyuma

Kikao chetu cha kwanza cha kuwasaidia wanafunzi wa mtaani kilikuwa na watu wazima 14 na vijana 6. Kilichukua saa mbili. Vijana walipata kama dakika tano za kusema, tena wakati wa kujitambulisha. Tukatoka tumekubaliana kumleta mgeni awape wanafunzi hamasa. Mgeni akaja, akahutubia, akapigiwa makofi, picha zikapigwa. Waliokuwa wakifeli hesabu wakaendelea kufeli hesabu.

Nina haki ya kulicheka wazo hilo kwa sababu lilikuwa langu.

Baada ya hotuba, binti mmoja aliyekuwa amemaliza shule mwaka uliotangulia alinifuata nje. "Mama, samahani," akasema, "hakuna mwanafunzi hapa asiyejua kwamba elimu ni muhimu. Shida ni kwamba jioni nyumbani hakuna pa kukaa. Na ukikwama swali la tatu unafunga daftari, maana huna wa kumuuliza." Sentensi tatu tu, na zilikuwa na kazi zaidi ya kufanya kuliko hotuba nzima.

Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliandika, katika chapisho la UNICEF, kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vipandio 8. Vitatu vya chini havihesabiwi kuwa ushiriki: cha kwanza mtoto anatumiwa, cha pili anawekwa kama pambo, cha tatu yupo kwa jina tu. Niliposoma hayo niliwakumbuka wale sita kwenye viti vya nyuma. Tulikuwa tumewafanya mapambo.

Kwa hiyo tukaanza upya, na ushauri wangu mkubwa unatoka hapa: kijana mpe kitu ambacho akikiharibu, kimeharibika kweli. Sisi tuliwapa ufunguo wa chumba cha kusomea jioni, daftari la mahudhurio, na uamuzi wa nani amfundishe nani. Wazee wawili walipinga habari ya ufunguo. "Wakiupoteza je?" Na kweli waliupoteza, mwezi wa pili. Tukanunua kufuli jingine. Tungewanyang'anya siku ile, sidhani kama mwezi wa tatu tungekuwa na mtu.

Jambo la kwanza waliloamua lilinishtua: walivunja madarasa. Waliwapanga wanafunzi kwa kile wanachokiweza, umri wakauweka kando. Baadaye nilikuja kujua kwamba shirika la Pratham la India limefanya hivyo kwa miaka mingi, na kwamba utaratibu huo ulipimwa na watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao ni miongoni mwa washindi wa Nobel ya uchumi ya 2019. Vijana wetu hawakuwa wamesikia lolote kati ya hayo. Walichojua ni aibu ya kukaa miaka nyuma ya somo bila kuelewa kitu. Hata ile aibu nyingine, ya kijana mkubwa kukaa na wadogo, waliipatia dawa: wakamfanya mshika chaki. Akawa anasimama ubaoni na kuandika maswali ya kundi zima, na huku anajifunza kugawanya.

Jioni moja nilikaa pembeni nikitazama. Mwanafunzi aliandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mimi ningeweka alama ya kosa. Kijana aliyekuwa akimfundisha alicheka kidogo, akasema, "Hata mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo." Kisha akauliza, "Hiyo 2/5 ni kubwa kuliko nusu?" Kimya. "Umeanza na nusu, ukaongeza, sasa mbona umepata pungufu ya nusu?" Mtoto alilitazama jibu lake kama linamdai. Aliyetoka shimoni juzi anakumbuka aliteleza wapi. Sisi tuliotoka zamani tumeshasahau.

Watu wazima tumebaki na kazi zetu, na si chache. Taa iwake. Watoto warudi nyumbani salama. Mzazi anayempa binti yake kazi zote za jioni azungumziwe na mzazi mwenzake, maana kijana hawezi. Na hili msilifanyie mzaha: asibaki mkubwa mmoja na mtoto mmoja chumbani, na mlango uwe wazi saa zote. Walimu nao washirikishwe tangu mwanzo. Sisi tuliwasahau, mmoja akaudhika, na alikuwa na haki.

Hata mlezi ambaye hakusoma ana nafasi. Watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba anayesoma kisha akajaribu kukumbuka bila kutazama hubaki na mengi zaidi baada ya wiki kuliko anayerudia tu kusoma. Basi dakika 10 za mwisho madaftari hufungwa na kila mtu anaeleza alichokipata. Kusikiliza hakuhitaji cheti. Mlezi akiuliza "kwa nini?" mara mbili, amefundisha.

Msiwachoshe hao vijana wanaojitolea. Jioni mbili kwa wiki zinatosha, nao wana mitihani na kutafuta kazi. Tunawaandikia barua za utambulisho, na wakisema wiki hii hawawezi, hatuwahoji.

Daftari la mahudhurio lina safu ambayo sikuiagiza. Juu yake wameandika "kwa nini". Jina likikosekana mara mbili, kijana mmoja anakwenda kuuliza kwa upole, kisha anajaza. Ukurasa wa kwanza, mistari mitatu ilisema kitu kimoja: analea mdogo wake. Hatukuwa tumeliwaza kabisa. Sasa wanakuja nao, kuna kona ya wadogo yenye mkeka, na mama mmoja wa kuwatuliza. Kelele zipo. Majina yale matatu nayo yapo.