Re: Kukata sponji ya benchi yenye kona ya mviringo

Mkuu, umeuliza utakataje sponji ya inchi 4 ifuate kona ya benchi bila kingo kutoka na mawimbi. Kisu cha umeme cha kukatia mkate ndicho bora, lakini kisu kirefu chenye meno madogo kinatosha kabisa.

Anza na patani (kiolezo cha umbo la benchi) ya boksi gumu. Ongeza kama sentimita 1 kila upande, kwa sababu sponji inatakiwa ijae ndani ya kitambaa. Ukiikata sawasawa na kipimo, kava litalegea mapema. Chora patani juu na chini ya sponji, kisha simamisha kisu wima na kukipeleka taratibu. Usikandamize! Hapo ndipo wengi wanaharibu: sponji ikibonyea, kisu kinakata mshazari, na ukiiachia unakuta upande wa chini umepinda. Kwenye mviringo, kata mara mbili au tatu kwa kina kidogo kidogo.

Kuhusu waya wa moto ulioambiwa uutumie kukatia, huo ni wa ile foam ngumu nyeupe ya punje punje inayofungashiwa televisheni. Sponji ya godoro, kama hii yako, ni poliyurethani (aina ya plastiki), ikiungua inatoa moshi wenye sumu, sianidi ikiwemo. Tafadhali usijaribu, hasa ndani ya nyumba yenye watoto.

Vipande viwili vikihitaji kuunganishwa, paka gundi pande zote mbili, subiri ianze kunata, ndipo uvigandamize.