Mabeki wachanga, acheni kulala chini

Mabeki wa kati wa siku hizi mnanichosha, na nawapenda hivyo hivyo. Kila timu ya vijana ninayokwenda kuitazama ina mtoto mmoja mrefu, jezi nyekundu namba 4, mgongoni VAN DIJK, nywele kazifunga nyuma. Dakika ya 5 straika anamjia na mpira, mtoto analala chini miguu mbele kama bodaboda iliyokatika breki. Kakosa mpira, kakosa mtu, kaamka na vumbi mpaka kwenye kope. Halafu anageuka kunitazama pale pembeni na kupiga kifua. Eti kajituma.

Tuanze na hiyo jezi. Ile anayoivaa Virgil van Dijk mwenyewe, beki wa Liverpool, mgongoni inasomeka VIRGIL. Mchapishaji wa sokoni kakuuzia jina la ukoo ambalo mwenye namba halivai, nawe hujagundua kwa sababu unamtazama kwenye vipande vya sekunde 20 vyenye muziki. Kwenye vipande hivyo anaruka, anapiga kichwa, anapishana na straika kifua mbele. Dakika 89 nyingine, anapotembea, ananyoosha kidole na kumpanga mwenzake, hakuna anayezikata na kuziweka mtandaoni. Kazi ya beki iko humo.

Basi nayaandika mara moja, mkija mazoezini nisianze upya. Natumia maisha ya huyo huyo mnayemtaja.

1. Ukianzia benchi usinune.

Van Dijk kazaliwa Breda, Uholanzi, Julai 1991, mama yake asili ya Suriname. Kisoka alilelewa Willem II ya Tilburg, na huko hakuwa lulu ya mtu. Alikuwa mfupi, mbio hana, wanamchezesha beki ya kulia, na zamu ya jioni anaosha vyombo kwenye mgahawa mmoja pale Breda apate hela ya mfukoni. Urefu ulimjia kwa pupa alipokaribia miaka 17. Mwaka 2010 Groningen wakamchukua bure. Vigogo wa Uholanzi, Ajax, PSV na Feyenoord, hajazichezea hata moja. Kutoka Groningen akaenda Celtic 2013, Southampton 2015, na dirisha dogo la Januari 2018 Liverpool wakamwaga pauni milioni 75, rekodi ya dunia kwa beki wakati huo. Alikuwa na miaka 26. Wewe una 16 na umeshanitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko kipindi cha kwanza, unauliza kwa nini fulani anaanza.

Na kwa kuwa nimeitaja Groningen: mwaka 2012 akiwa huko alishikwa na tumbo, akalichukulia kawaida. Kumbe ni kidole tumbo, sumu imeshasambaa ndani mpaka figo, akafanyiwa upasuaji akiwa hali mbaya kiasi cha kuwekewa karatasi za wosia asaini. Kijana wa miaka 20, mwanamichezo. Kwa hiyo mnaoficha maumivu ili msikose mechi ya Jumapili, semeni mapema. Sitawanyang'anya namba kwa kuumwa.

2. Baki kwenye miguu.

Hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Tafuteni mechi nzima ya Liverpool na Tottenham (Spurs), Anfield, nyumbani kwa Liverpool, 31 Machi 2019. Ubao 1-1, dakika zinayoyoma, Liverpool wamepanda wote kutafuta la ushindi. Mpira unapotea, Spurs wanatoka na kaunta: Moussa Sissoko ana mpira, Son Heung-min yuko pembeni yake, mbele yao kabaki mtu mmoja, Van Dijk, na kipa. Wawili kwa mmoja. Nyie wote, bila hata mmoja kubaki, mngemvamia Sissoko.

Angalieni miguu yake. Anarudi kinyumenyume, mwili kaulaza upande, hatua fupi fupi. Yuko kwenye njia ya pasi ya Son, lakini macho yako kwa Sissoko. Hamkimbilii. Anampa Sissoko nafasi ya kusogea, na kila anaposogea anazidi kugundua kwamba ile pasi haipo. Van Dijk keshapiga hesabu: Son akiupata ni goli, Sissoko akipiga, tena kwa mguu wa kushoto, tuna bahati yetu. Sasa Sissoko yuko ndani ya boksi, hana pa kuupeleka, ndipo beki anamsogelea kwa ghafla. Sissoko anapiga kwa kushoto, mpira unapaa juu ya mwamba. Beki hajagusa mpira, wala hajachafua bukta. Dakika ya 90 Alderweireld akajifunga, Liverpool wakashinda 2-1.

Msimu ule walimaliza na pointi 97 na bado Manchester City wakachukua ubingwa kwa 98. Lakini Juni wakabeba Ligi ya Mabingwa pale Madrid, mbele ya Spurs hao hao, na huyo bwana akawa beki wa kwanza kupewa tuzo ya UEFA ya mchezaji bora wa mwaka Ulaya. Kwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, Messi alimpita kwa pointi 7 tu.

Kwenye chandimu za mtaani kwetu mtu akikaa vile mashabiki wanapiga kelele, "Mwingie! Mwingie!" Msiwasikilize. Wanaopiga kelele hawakabi mtu.

3. Utapitwa, kubali.

Alikaa zaidi ya mwaka kwenye Ligi Kuu England hakuna aliyempiga chenga akampita, mpaka Agosti 2019 Nicolas Pépé wa Arsenal alipofanya hivyo, na ikawa habari. Liverpool walishinda mechi ile 3-1. Ukipitwa, geuka ukimbie golini. Usisimame kuangalia kama refa kaona kitu.

4. Ongea na kipa.

Hapa tutakaa kidogo.

Tarehe 4 Februari 2024, Emirates, uwanja wa Arsenal. Liverpool wako kileleni, Arsenal wanawafukuzia. Ubao 1-1. Dakika ya 67 unakuja mpira mrefu kutoka kwa Gabriel, beki wa Arsenal, mpira wa kawaida kabisa, wa kuondoa. Van Dijk yuko nao, Martinelli wa Arsenal anamfuata mgongoni. Mpira unadunda. Kipa wake, Alisson, anatoka golini. Simamisheni picha hapo. Van Dijk anaweza kuubutua jukwaani. Anaweza kumpa kipa njia mapema. Anaweza kuupiga kichwa pembeni. Anachagua la nne, ambalo kila beki anayejiamini hulichagua: kuukinga kwa mwili, asubiri kipa aje amalize. Alisson anakuja, anarusha mguu, mguu unapita hewani, anamvaa beki wake, wote wawili wanayumba, na mpira uko pale peke yake na goli liko wazi. Martinelli alikuwa na kazi ya kusukuma tu. Mechi iliisha 3-1, Arsenal wakashinda.

Vijiweni tulibishana wiki nzima. Wa Alisson upande huu, wa Van Dijk upande ule. Mwenyewe hakuingia kwenye ubishi. Alikwenda mbele ya kamera baada ya mechi akasema lile ni lake, alipaswa kufanya uamuzi bora, auondoe. Nahodha wa Liverpool, nahodha wa Uholanzi tangu 2018, hakuna ambaye angemshangaa kama angemwachia kipa nusu ya msalaba.

Mimi sikuwahi kuwa hivyo, na hili sijawahi kuwasimulia. Nilicheza beki wa kati miaka mingi, na mpira wa katikati yangu na kipa ukiingia, mimi ndiye wa kwanza kuinua mikono miwili kumwelekea kipa ili uwanja mzima uone. Kulikuwa na fainali moja ya ndondo, watu wamejaa mpaka juu ya mapaa. Ukaja mpira wa juu, mlaini. Nikasikia "Yangu!" ya kipa, wazi kabisa, siwezi kujidanganya kwamba sikusikia. Lakini nilikuwa nimeshapiga vichwa vitatu siku hiyo, kila kimoja na shangwe zake, nikautaka na wa nne. Nikauruka. Ukanigusa utosini ukampita kipa aliyekuwa ametoka nje kuufuata, ukaingia taratibu, taratibu mno. Sikungoja hata utulie wavuni. Nikamgeukia, nimeshika kiuno, nikamfokea, "We vipi, mbona hujaita?" Jukwaa likanifuata mimi. Yule kijana alizomewa mpaka anapanda gari, na ndani ya gari nikaendelea, maana ukishaanza uongo wa namna ile huwezi kuuacha katikati. Mazoezi ya wiki iliyofuata hakuja. Akaacha mpira. Nilikuja kukutana naye miaka mingi baadaye kwenye duka la vipuri, ananiita kaka, ananiuliza hali ya goti langu. Nilinunua plagi nisiyoihitaji nikaondoka. Sijamwambia mpaka leo.

Kwa hiyo mnaponiona nawaka kwa sababu beki kanyoosha mkono kwa kipa, mjue hasira hiyo ina historia. Utaratibu ni huu: kipa akiita "Yangu!", huo si wako tena hata kama unakugonga pua, ondoka na umzuie straika. Asipoita, ubutue. Kuukinga subiri-subiri ndani ya boksi marufuku, hadi utakapouzwa pauni milioni 75.

Na tukio la Emirates lisiwadanganye kwamba mtu anakwisha kwa kosa moja. Wiki 3 baadaye, fainali ya Kombe la Ligi na Chelsea pale Wembley, Liverpool wamejaa watoto kwa sababu ya majeruhi. Van Dijk akafunga kwa kichwa, VAR, marefa wa video, wakalifuta kwa sababu mwenzake Endo alikuwa ameotea na kumzuia mtu njia. Dakika ya 118 ikaja kona ya Tsimikas, akaruka tena, kichwa tena, 1-0, kombe. Mnaosusa kupanda kwenye kona baada ya goli moja kukataliwa, mmelisikia hilo?

5. Kadi ikitoka, toka.

Agosti 2023, ana wiki chache tu na kitambaa cha unahodha wa Liverpool, akamkwatua straika Isak kule Newcastle, nyekundu dakika ya 28. Akagoma kutoka, akamwaga maneno. Mechi moja ya adhabu ikaongezwa juu ya ile ya kadi, na faini ya pauni 100,000. Wenzake 10 walishinda 2-1 bila yeye, Núñez akifunga yote mawili. Nyie faini yenu ni kufua jezi za timu nzima, na nitazihesabu.

6. Penalti.

Robo fainali ya Kombe la Dunia 2022 na Argentina, nahodha alitangulia kupiga ya kwanza, Emiliano Martínez akaidaka, Uholanzi wakatolewa. Bado nataka nahodha wangu apige ya kwanza. Sitaki mjadala.

7. Wewe wa benchi, nilikuwa sijakusahau.

Tarehe 17 Oktoba 2020, Goodison Park, mechi bado changa, kipa wa Everton, Pickford, akamvaa Van Dijk kwa miguu miwili, kano ya goti ikakatika. Msimu ukaishia hapo, na Euro ya kiangazi kilichofuata akaikosa. Novemba beki mwenzake Gomez akaumia mazoezini na timu ya taifa. Januari zamu ya Matip, beki mwingine wa kati. Wakawachukua viungo, Fabinho na Henderson, wakawarudisha nyuma, na Henderson naye akaumia. Mabingwa watetezi wa England wakawa wanapoteza nyumbani mechi baada ya mechi.

Waliomaliza msimu pale katikati ni Nat Phillips na Rhys Williams. Phillips hakuwemo hata kwenye orodha ya hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Williams alikuwa na miaka 20, msimu uliotangulia alikuwa kwa mkopo Kidderminster, ligi za chini huko ambako viwanja vyake vingine mnaweza kuvidharau. Hawakujaribu kuwa Van Dijk. Hakuna pasi za mita 60, hakuna kutembea na mpira. Phillips alipiga vichwa kila kilichokuja hewani, akaondoa, akarudi kwenye nafasi yake, akaondoa tena. Mei akafunga goli lake la kwanza la Liverpool kule Burnley, kwa kichwa, na timu ikamaliza ya tatu na kurudi Ligi ya Mabingwa.

Agosti Van Dijk akapona, Phillips akarudi benchi, na Januari akapelekwa Bournemouth kwa mkopo. Sasa wewe uliyecheza mechi mbili nzuri kwa sababu mwenzako alikuwa na mtihani, na jana umeniuliza kama namba ni yako moja kwa moja: mwenzako kamaliza mtihani, anarudi Jumanne. Njoo na wewe, tena mapema, tunafanya wawili kwa mmoja, na atakayelala chini anazunguka uwanja.