Zamu ya kufagia kanisa na wokovu

Ndugu yangu, umeuliza kama zaka na zamu zako za kufagia kanisa zitakupatia wokovu. Hapana. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo, ingawa wengi wetu huishia hapo na kuuacha mstari wa 10, unaosema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Mvuvi aliyeopolewa ziwani usiku karibu na Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, akiwa amekwisha kunywa maji, hakuogelea hata pima moja kuufuata mtumbwi uliomwokoa; na kesho yake anapodamka kumsaidia mwenye mtumbwi kuanika dagaa, halipi nauli, anashukuru. Wakatoliki na Walutheri, waliobishana tangu karne ya 16, walitia saini tamko la pamoja kuhusu jambo hili la wokovu kwa neema mwaka 1999.