Kabla hujagusa kobalti, ijue kwanza sapoti

Nyie mnaoanza kazi hii ya kugeuza gesi ya sintesi (mchanganyiko wa haidrojeni na monoksidi ya kaboni) iwe mafuta kwa kichocheo cha kobalti, naona kila anaekuja swali lake la kwanza ni kobalti tutie asilimia ngapi, sapoti yenyewe, ule unga wenye matundu unaobeba kobalti, anaokota tu chupa ilo karibu kabatini. Hapo ndo mnaponiudhi. Kazi inafanywa na kobalti sawa, lakini itakaa vipi na itadumu vipi hilo linaamuliwa na sapoti.

Alumina, yaani oksidi ya alumini, inashika sana, chembe za kobalti zinabaki ndogo na hazihami, ila ukichoma kwa moto mkali kobalti inazama ndani ya alumina inakuwa aluminati, yaani inaungana na alumina yenyewe, na hiyo hata uipulizie haidrojeni ya nyuzi 400 haitoki, metali ya bei ghali ishaenda hivo. Ndo maana watu hutia platinamu kidogo, oksidi ya kobalti ilobaki ireduki upesi, yaani irudi kuwa metali. Silika, oksidi ya silikoni, nayo ni kinyume, kobalti inareduki bila shida lakini chembe zinatembea, zinagandana, na ule mvuke wa maji unaotoka kwenye reaksheni unazidisha. Na msidhani ndogo kabisa ndo bora, chini ya nanomita 6 hivi kobalti inapungua nguvu ya kazi na methani inaongezeka.

Matundu ya sapoti pia. Yakiwa membamba mno chembe zinakuwa ndogo kupita kiasi, na punje ikiwa nene matundu yanajaa nta inayotoka kwenye reaksheni, haidrojeni inapenya upesi kuliko monoksidi ya kaboni, kwa iyo huko ndani uwiano unaharibika unapata methani badala ya dizeli. Kwa punje kubwa kobalti ipakwe ganda la nje tu.

Sasa hapa kwetu Mombasa kuna unyevu, na hili vitabuni hamlikuti. Silika ilokaa wazi wakati wa masika ishakunywa maji kabla hujaipima, kwa iyo ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 usiku kucha, ipoe kwenye desiketa, kile chombo cha kufunga kisichoingiza unyevu, ndo upime. Kisha dondosha maji tone tone huku unakoroga, unga utabaki mkavu mkavu unateleza, unateleza, halafu ghafla tone moja tu linaugandisha kama unga wa mahamri. Simama hapo, hiyo ndo ujazo wa matundu, na ndo ujazo wa myeyusho wa nitrati ya kobalti utakaotia. Vyombo suuzeni kwa maji ya deayoni, yaliyotolewa chumvi, manake maji yetu ya kisima yana chumvi na sodiamu ni adui wa kobalti.

Aa, na siku ya kuchoma unga ulotiwa nitrati tandaza tabaka jembamba, hewa ipite, moto upande polepole. Ukiona moshi wa kahawia usichungulie, ni sumu, hakikisha feni ya kuvuta hewa inafanya kazi kabla hujawasha chochote.