Mgongo mbovu na upasuaji wa kizazi

Pole dada. Umeuliza kama mgongo uliokuuma miaka yote hii utakuzidishia maumivu ukishatolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe wa faibroidi. Inawezekana, ila si lazima. Mtu aliyeishi na maumivu zaidi ya miezi 3, popote mwilini, mishipa yake ya fahamu huwa imeshakuwa myepesi kuyapokea, hivyo kidonda kipya humuuma zaidi. Hofu na kukosa usingizi huongeza.

Kwa hiyo usimfiche kitu daktari wa usingizi, yule atakayekupa dawa ya kukulaza au ganzi wakati wa upasuaji. Mweleze mgongo, na hasa dawa unazomeza: kama ni tramadoli (dawa kali ya maumivu) kila siku, dozi za kawaida za wodini huenda zisikutoshe. Mguu ukifa ganzi au kukosa nguvu, lazima ajue kabla ya kukuchoma sindano ya mgongoni. Waombe pia wakulaze vizuri mezani. Miguu ikining'inizwa muda mrefu, kiuno hulipa. Dawa za maumivu meza kwa saa zake, usisubiri yachachamae (nani alisema kuvumilia ni ushujaa?).

Halafu, faibroidi kubwa yenyewe wakati mwingine ndiyo inayokandamiza kiuno. Muulize daktari wako wa wanawake ultrasaundi inaonyesha nini.