Janeway aliua au aliokoa? Na maswali mengine ya wapenzi wa sai-fai

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi na kaka yangu tumenuniana toka juzi sababu ya Star Trek: Voyager, ile tamthilia ya meli ya anga za juu, episodi ya Tuvix ya 1996. Mi nasema Kepteni Janeway ni muuaji tu. Yeye anasema kaondoka mmoja wamerudi wawili, sasa kosa liko wapi? Tuamulie, ila ujue intaneti nalipia mimi.

JIBU: Mdogo wangu, mmepata kweli pa kugombania. Kwa ambao hawajaiona (na wasiotaka kuharibiwa utamu waruke hapa): Tuvok na Neelix, watu wawili wa meli ya Janeway, wanarudishwa melini kwa ule mtambo wa kusafirisha watu, wamebeba maua ya okidi, maua yanavuruga mambo na anatokea mtu mmoja mwenye kumbukumbu za wote wawili, anajiita Tuvix. Siku zinaenda, anapiga kazi, anapika, watu wanamzoea, halafu daktari anapata njia ya kuwatenganisha na Tuvix anagoma, anasema mkinitenganisha mnaniua.

Hesabu ya kaka yako siikubali. Kwa hesabu hiyo, mtu mzima wa afya akipita karibu na wagonjwa wawili wa figo basi achinjwe, si watapona wawili? Lakini na wewe hilo neno "tu" umelisema haraka, maana Tuvok na Neelix nao hakuna aliyewauliza, na hawana hata mdomo wa kujitetea kama alionao Tuvix.

Ila mi kinachonikaa kichwani ni jinsi walivyoiandika. Njia rahisi ilikuwepo pale: Tuvix akubali mwenyewe kujitoa, tulie kidogo, tulale. Hawakuifuata. Wakamweka chumba cha uongozi anamgeukia mmoja baada ya mwingine, watu wanaokula chakula chake kila siku, na hakuna anayefungua mdomo. Anayekataa ni daktari peke yake, na daktari mwenyewe ni holograma, programu ya kompyuta jamani! Anasema hawezi kutoa uhai wa mtu asiyetaka, anakaa pembeni, Janeway anafanya kwa mkono wake. Anawaambia wale wawili karibuni tena, anatoka kwenye korido, unaona uso ule, basi imeisha.

Hapo ndo ugomvi wangu unapoanzia, na wala sio na Janeway. Tim Russ na Ethan Phillips walikuwa waigizaji wa kudumu, Tom Wright aliyecheza Tuvix alikuja kama mgeni, kwa hiyo hukumu ilishatoka kwenye orodha ya waigizaji kabla kepteni hajaamka. Sawa, tamthilia ndo zilivyo, lakini wiki inayofuata kimya, kana kwamba hakuna mtu aliyekufa. Kwa hiyo upande wako nipo, ila kesi ya pili fungulia waandishi.

SWALI: Mbona Sisko, kepteni wa Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek, anasifiwa na yeye kadanganya mpaka watu wamekufa? Janeway anaonewa?

JIBU: Kidogo anaonewa, ndiyo. Ila angalia tofauti. Ile episodi yake, In the Pale Moonlight ya 1998, yote ni Sisko anarekodi kumbukumbu zake, kinywaji mkononi, nguo ya kazi anazidi kuilegeza, anatuhesabia madhambi moja moja: ushahidi wa kughushi, hongo, kisha Garak, jasusi wa zamani anayemsaidia, anamuua aliyeghushi na kulipua chombo cha Vreenak, seneta wa Waromulan, na Waromulan, taifa jingine la angani, wanaingia vitani upande wake kama alivyotaka. Anasema anaweza kuishi nayo. Anarudia tena, na mara ya pili ni kama anajibembeleza mwenyewe, halafu anaamuru kompyuta ifute kila kitu. Janeway angepewa hata dakika tano za hivyo wala tusingekuwa tunanuniana.

SWALI: Sijawahi kuangalia hata moja, nianzie wapi?

JIBU: The Next Generation, nayo ni ya Star Trek, episodi ya The Measure of a Man, 1989. Ni kesi ya kuamua kama Data, roboti, ni mali ya jeshi au ana hiari yake. Riker, rafiki yake, analazimishwa kuwa upande wa kumshitaki, na katikati ya kesi anamwendea Data, anagusa swichi mgongoni, Data anaanguka mbele kama mdoli. Mwangalie Riker anavyorudi kukaa.