Zabibu za Dodoma na Michoro ya Kolo: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Safari

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu ni walimu wastaafu tunaoishi Tanga. Tumekwisha kufika Ngorongoro na Mikumi, na safari hii tumedhamiria kwenda mahali pasipotajwa sana. Mwanetu anayefanya kazi Dodoma anatusihi twende tuone mashamba ya zabibu na kuonja mvinyo wa huko, lakini majirani wanatucheka wakisema Dodoma ni vumbi na mikutano ya serikali tu. Je, kuna mambo ya kututosha siku nne, na twende mwezi gani?

JIBU: Mwalimu, vumbi lipo, na majirani zako hawakusema uongo. Dodoma imekaa kwenye uwanda wa kati, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, nayo mvua yenyewe haitabiriki. Misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora katika karne ya 19 iliihofia Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, kwa sababu ya kiu, na kwa sababu ya hongo ambayo watemi wa Kigogo waliwatoza wapita njia waliohitaji maji. Hata hivyo, ukavu huohuo uliowatesa wapagazi ndio unaoupendeza mzabibu, kwa kuwa majani na vichala vikikaa na unyevu kwa muda mrefu hushikwa na ukungu na kuoza. Ndiyo maana zabibu zilizoshindikana katika sehemu nyingi za nchi zimestawi hapo.

Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa miaka ya 1950, ikapandwa katika misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji kwa njia ya Iringa, na kutoka hapo kilimo hicho kikaenea kwa wanavijiji. Jambo ambalo mtalii aliyezoea kusoma habari za mvinyo wa Ulaya hulistaajabia ni kwamba Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Katika nchi za baridi, mzabibu hulala wakati wa majira ya theluji na kuamka wenyewe joto linaporudi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa: akishakata matawi, mti huchipua upya, hutoa maua, na baada ya takriban miezi minne vichala huwa tayari. Mavuno moja huangukia Februari na Machi, mengine Agosti na Septemba. Nakushauri uchague hayo ya pili, hasa mwisho wa Agosti, kwa sababu mvua za mwanzo wa mwaka huharibu njia za vijijini, na wewe utazihitaji njia hizo kwa jambo jingine nitakalolieleza hivi punde.

Kutoka Dar es Salaam, treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, itawafikisha kwa muda usiozidi saa nne kwa kawaida. Siku ya kwanza pumzikeni mjini. Siku ya pili nendeni Hombolo, kaskazini mashariki mwa mji, ambako kuna bwawa kubwa lenye ndege wa majini, na pembezoni mwake mashamba ya zabibu yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka. Mwanenu awatafutie mkulima mapema. Wengi ni wakarimu, ila siku za mavuno mtu anakimbizana na lori la kiwanda na hana nafasi ya kumtembeza mgeni asiyetarajiwa. Wakulima na wasindikaji wadogo watawaambia habari za mchuzi, na msidhani wanazungumzia kitoweo: mchuzi wa zabibu ni mvinyo ghafi, juisi iliyokwisha kuchachushwa, ambayo msindikaji mdogo huiuza kwa kiwanda kikubwa ili ikamilishwe na kutiwa kwenye chupa. Mwulizeni mkulima kuhusu soko, kisha mkae kitako, kwa maana jibu lake litakuwa refu. Zabibu iliyoiva haisubiri mnunuzi ajipange, na yule mwenye kukosa kiwanda cha kumpokea hulazimika kuuza kwa ndoo barabarani kwa bei atakayopewa.

Siku ya tatu na ya nne ndizo ninazozitetea kwa nguvu zote. Shikeni barabara kuu ya kaskazini iendayo Babati na Arusha, ambayo sasa ni ya lami. Mtapita kwanza Makutupora, kilipo kituo cha utafiti wa zabibu kilichotoa jina kwa aina nyekundu inayolimwa sana mkoani. Mkitaka kuingia, ombeni ruhusa kabla ya siku ya safari. Kisha endeleeni hadi Kondoa, mlale hapo, na asubuhi mfike Kolo, mwendo mfupi kaskazini mwa mji huo. Hapo ndipo ilipo ofisi ya mambo ya kale, mnapolipia kiingilio na kupewa mwongozaji wa kwenda kwenye michoro ya miambani, iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Eneo lote lina zaidi ya mapango na vivuli vya miamba 150 vyenye michoro, na hakuna anayevimaliza kwa siku moja. Mtosheke na vile vya kilima cha Kolo. Gari dogo la mjini halifai kwa njia ya kufikia kilima, na baada ya gari kuna kupanda kwa miguu, kwa hiyo bebeni maji na fimbo, msione haya kupumzika.

Mkifika juu, mtaona mwamba ulioinama kama paa la baraza, na chini yake, kwa rangi nyekundu iliyofifia, twiga, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wengine kana kwamba wanacheza ngoma. Michoro hii myekundu inahusishwa na wawindaji wa kale, na Wasandawe wanaoishi katika sehemu hizo hadi leo, wenye lugha ya sauti za kubofya, mara nyingi hutajwa kuwa na uhusiano nao. Michoro myeupe, minene na ya haraka zaidi, inadhaniwa kuwa ya wakulima waliokuja baadaye. Mtafiti Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili mwaka 1951. Lakini msipafikirie kuwa ni makumbusho yaliyokufa: wenyeji wa Kirangi bado hufanya matambiko hapo, yakiwemo ya kuomba mvua. Mwongozaji akiwaambia msikanyage au msipige picha mahali fulani, mtiini. Wala mtu asimwagie maji michoro ili rangi zing'ae kwenye picha, kama walivyozoea kufanya wageni wengine. Ni tabia mbaya inayoiharibu.

Mkirudi, simamisheni gari mara kwa mara mtazame makorongo ya Kondoa. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo iondolewe katika eneo lililoathirika, na leo vichaka vimerudi kwenye kingo zilizokuwa wekundu mtupu. Binafsi naiona mandhari hiyo kuwa nzuri kuliko mbuga nyingi nilizolipia kwa bei kubwa.

SWALI: Nilinunua mvinyo wa Dodoma dukani, Dar es Salaam. Chupa ya kwanza ilikuwa tamu kama sharubati, ya pili chachu. Je, huo ndio mvinyo wa kusifiwa? Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Ndugu msomaji, chupa ya kwanza yaelekea ulichukua mvinyo wa kundi la Dompo, ambao hutengenezwa uwe mtamu na mkali kwa makusudi kwa sababu wanywaji wengi wanaupenda hivyo. Safari nyingine soma lebo na utafute ulioandikwa kuwa mkavu, yaani usio mtamu: mweupe wa zabibu za Chenin Blanc, ambao ukipoa kwenye jokofu huenda vizuri sana na samaki, au mwekundu wa Syrah kwa nyama choma. Kuhusu hiyo chachu, namshuku mwenye duka kabla ya mtengenezaji. Chupa iliyosimamishwa miezi kadhaa kwenye rafu inayopigwa na jua la Dar es Salaam huharibika, iwe imetoka Dodoma au Ufaransa. Nunua mahali ambapo bidhaa hutoka haraka, na usiiweke nyumbani ukitumaini itazidi kuwa bora.

SWALI: Mhariri, mimi ni Mwislamu na sigusi kileo. Mume wangu ana semina ya wiki moja Dodoma mwezi Septemba, nami ninamfuata na watoto wawili. Tusipokwenda kwenye mvinyo, tutafanya nini? Mama wa watoto wawili, Unguja.

JIBU: Mama, zabibu ni tunda kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na Septemba utazikuta zinauzwa sokoni na kando ya barabara, mbivu kuliko zile zinazosafirishwa hadi visiwani; zioshe vizuri kwanza, kwa kuwa wakulima hupulizia dawa. Wapeleke watoto kwenye makumbusho ya miamba na madini ya taasisi ya jiolojia, na alasiri mpande kilima cha mawe kiitwacho Mlima wa Simba mkitaka kuuona mji wote. Msikiti uliojengwa kwa msaada wa Libya, uliofunguliwa mwaka 2010, ni miongoni mwa mikubwa nchini na unastahili kuswali ndani yake walau mara moja. Chakula cha mchana ulizeni ugali wa uwele kwa mlenda, ingawa watoto wa Unguja huenda wakakuchekea utelezi wake. Michoro ya Kolo mwachie baba yao awapeleke semina ikiisha, kwa sababu watoto wadogo wasipande kilima kile pasipo mtu wa kuwashika mkono.